Silali, nimeambiwa nichomwe sindano za Kikorea: kweli zinasaidia?

Dada mmoja kaniandikia kutoka Daejeon, Korea Kusini. Nimefupisha maneno yake:

"Daktari shikamoo. Nina miaka 38, kwetu Tanga, huku niko mwaka wa tatu nasoma PhD. Huu mwezi wa kumi na moja silali. Napanda kitandani saa tano usiku, usingizi unakuja saa sita saba hivi, saa nane nishaamka na hapo ndio basi tena, nachezea simu mpaka alfajiri inakaribia ndio najipatia kausingizi kidogo, saa moja naamka. Nikijumlisha yote masaa manne. Mara nyingine nakabwa na jinamizi. Hospitali walinipa zolpidemu miligramu 10, inanilaza lakini asubuhi kichwa kizito na naogopa kuizoea. Mwenzangu wa maabara, Mkorea, anasema niende kliniki ya tiba yao ya asili nichomwe sindano na ninywe dawa ya kuchemsha, mama yake alipona hivyo. Mama yangu mimi anasema ni jini, nirudi nikasomewe. Nishachanganyikiwa. Hizo sindano zinafanya kazi kweli au nitatupa hela?"

Marahaba dada yangu, na pole sana. Miezi kumi na moja bila usingizi ni mateso, na mtu asiyewahi kukesha kwa kutotaka hawezi kuyaelewa, atakuambia tu "jitahidi ulale" kana kwamba usingizi ni mzigo wa kubeba kwa nguvu. Mimi ni daktari wa hospitali kwa kusomea, miaka mingi nimeshughulika na watu wasiolala, na minne kati ya hiyo nilikuwa Seoul ambako chumba chetu na chumba cha wenzetu wa tiba ya Kikorea vilitazamana kwenye korido moja, wagonjwa walikuwa wanatoka mlango huu wanaingia ule. Kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona pande zote mbili.

Jibu langu: nenda ukachomwe. Ila usiende ukidhani sindano ndio itakulaza. Sindano itakutuliza mwili, na hilo sio dogo, lakini kitanda chako kimeshajifunza kukuamsha na hakuna sindano inayojua kumfundisha mtu kitanda upya. Hiyo kazi utaifanya wewe, usiku, wakati huohuo unaoendelea na sindano. Wanaofanya yote mawili ndio niliowaona wakipona wakabaki wamepona, wanaofanya sindano peke yake wengi wanafurahi mwezi mmoja miwili halafu wananirudia.

Kwanza ujue unakwenda kwa nani. Huyo atakayekuchoma anaitwa hanuisa, na kliniki yake hanuiwoni. Sio mganga wa kienyeji wa uchochoroni kama baadhi ya ndugu zetu wanavyodhani wakisikia "tiba ya asili". Korea ilitambua tiba hizi mbili kwa sheria tangu 1951, ya kisasa na ya kwao, kila moja na leseni yake. Hanuisa anasoma miaka sita, kuna vyuo kumi na mbili vinavyofundisha, halafu anafanya mtihani wa taifa. Sindano zimeingia kwenye bima ya afya ya taifa tangu 1987, na nyie wanafunzi wa kigeni mmeingizwa kwenye hiyo bima kwa lazima tangu Machi 2021, kwa hiyo kadi unayo, itumie, utakachochangia kwa sindano ni kidogo ukilinganisha na dawa ya kuchemsha. Mlangoni angalia leseni imetundikwa ukutani, usione aibu kuuliza.

Tiba yenyewe ina mizizi mirefu. Mwaka 1596, vita na Wajapani vikiwa bado havijaisha, mfalme Seonjo alimwagiza daktari wake Heo Jun akusanye elimu ya tiba iliyokuwa imetawanyika, na Heo Jun akaifanya kazi hiyo mpaka 1610, kitabu kikachapwa 1613, juzuu 25, kinaitwa Donguibogam. UNESCO wamekiweka kwenye kumbukumbu za dunia 2009. Usingizi na ndoto vina mlango wao humo ndani, yaani watu wanaogeukageuka kitandani mpaka asubuhi walikuwepo zamani na walikuwa wanatafutiwa dawa. Baadaye akaja Lee Je-ma ambaye mwaka 1894 aliandika kwamba watu wana maumbile manne na kila umbile lina dawa yake, ndio maana hanuisa anaweza kukuuliza kama unatoka jasho sana, unapenda maji ya baridi au ya moto, ukila unashiba haraka au la, ukajiuliza haya yanahusiana nini na usingizi. Yeye anatafuta wewe ni mtu wa namna gani kabla hajauliza ugonjwa wako.

Siku ya kwanza itakuwa hivi. Atakushika mapigo ya damu mikono yote miwili, vidole vitatu kila mkono, taratibu, kama anasikiliza redio yenye sauti ndogo. Atakuambia utoe ulimi. Atakulaza abonyeze tumbo, halafu atabonyeza katikati ya kifua, kwenye mfupa, usawa wa chuchu. Hapo wanapaita danjungi. Nimeona wanawake wakibonyezwa pale kidogo tu wanaruka kwa maumivu, na wengine machozi yanawatoka bila kulia. Wakorea wana ugonjwa wanauita hwabyeongi, maana yake ugonjwa wa moto: mtu kameza hasira na uchungu miaka na miaka, kifua kinabana, joto linapanda usoni, anahema kwa kushusha pumzi ndefu, halali. Madaktari wa akili Marekani waliutaja kwenye mwongozo wao wa 1994 kama ugonjwa wa utamaduni wa Kikorea, lakini mimi nikiusikia unaelezwa nawakumbuka mashangazi zangu mwenyewe.

Sasa jambo la kuwa nalo makini, atakuambia shida iko kwenye ini, au moyo, au nyongo. Usipate presha. Kwa hesabu yao kila kiungo kina saa zake, na kuanzia saa saba mpaka saa tisa usiku ni saa za ini, na wewe unaamka saa nane, kwa hiyo karibu nina hakika ini litatajwa. Hajasema ini lako linaoza, hilo sio ini la kwenye ultrasaundi. Ni lugha, kama sisi tunavyosema mtu kakatwa maini na hakuna aliyeshika kisu. Wakorea mtu jasiri wanasema ana ini kubwa. Ukilisikia hivyo hutotetemeka.

Halafu unalazwa kwenye kitanda chenye godoro la kupata joto, pazia linavutwa, taa nyekundu ya joto inawekwa juu ya tumbo. Sindano zenyewe ni nyembamba, robo ya milimita hivi, hazina tundu katikati wala dawa ndani, haziko kama za hospitali, zinaingia kwa kagonga kadogo ka kidole na wengi hawashtuki. Kwa usingizi watapenda sehemu hizi: sinmuni iliyo kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho, naegwani iliyo ndani ya mkono vidole vitatu juu ya mkunjo, baekhoe juu kabisa ya utosi, na sameumgyo juu ya kifundo cha mguu kwa ndani (hii ya mwisho ukiwa na mimba au ukihisi unayo sema kabla, kwa desturi yao haichomwi kwa mjamzito). Unaachwa dakika kumi na tano mpaka ishirini. Utasikia uzito fulani, kama mtu kakubonyeza kwa ndani, ganzi tamu hivi, na harufu ya majani yanayofukizwa kitanda cha pili, na upande wa pazia bibi mmoja anakoroma. Hicho kukoroma ndio kitu nilichokiona kila siku. Watu ambao hawajalala usiku wanalala pale mchana, sindano zikiwa kichwani.

Ndio maana ukiniuliza kama inafanya kazi siwezi kusema hapana, macho yangu yameona. Ila kulala pale kwa dakika ishirini na kupona insomnia sugu, yaani kukosa usingizi kwa muda mrefu, ni vitu viwili tofauti, na hapa lazima twende kwenye ushahidi.

Mwaka 2012 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti zote na kuzichuja, lilichambua tafiti 33 za sindano na usingizi zenye watu 2,293. Nyingi zilionyesha nafuu, lakini zilivyofanywa zilikuwa na kasoro nyingi mno mpaka wakasema hawawezi kuthibitisha wala kukanusha. Mwongozo wa Ulaya wa 2017 ukaenda mbali zaidi, ukasema sindano haipendekezwi kwa insomnia kwa sababu ushahidi wake ni dhaifu. Shida mojawapo ni kwamba kupima sindano ni kazi ngumu, kidonge bandia ni rahisi kutengeneza lakini sindano bandia utaifanyaje? Wametengeneza zile ambazo ncha yake butu inarudi ndani ya mpini, kama kisu cha maigizo, mtu anahisi amechomwa kumbe hakuchomwa, lakini na yenyewe imemgusa ngozi, kalazwa mahali pa joto, kasikilizwa nusu saa na mtu mpole, kwa hiyo na yeye anapata nafuu kidogo, sasa tofauti uipime wapi.

Utafiti ninaoupenda mimi ulitoka Marekani 2019. Walichukua watu 160 waliopona saratani na wana insomnia, nusu wakachomwa sindano, nusu wakafanyiwa tiba ya kubadilisha mazoea ya usingizi (nitakueleza huko chini), wiki nane. Kuna kipimo cha ukali wa insomnia cha alama 0 mpaka 28. Waliochomwa sindano walishuka alama 8.3, waliobadilisha mazoea walishuka 10.9. Nisome vizuri hapo: sindano ilisaidia, na ilisaidia kwa kiasi ambacho mgonjwa mwenyewe anakihisi, lakini mazoea yalishinda. Na waliokuwa na maumivu ya mwili sindano iliwatuliza maumivu zaidi. Kuna utafiti mwingine mdogo wa 2004, watu 18 wenye wasiwasi na wasiolala, baada ya wiki tano za sindano homoni ya usingizi inayoitwa melatonini ilipanda usiku, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha nao kwa hiyo mimi nauchukua kama dalili tu.

Kwa hiyo hela yako hutaitupa ukifanya hivi: mara mbili kwa wiki, wiki nne, halafu ukae chini ujipime. Kama wiki ya nne hakuna hata robo ya nafuu usikubali kuongezewa. Nasema hivi kwa uchungu maana niliwahi kumsindikiza mgonjwa kwenye kliniki moja, sitaitaja, kabla hata hajaulizwa analala saa ngapi alishawekewa mezani mkataba wa dawa ya miezi mitatu, laki na laki za woni, na yule mama alikuwa anafanya usafi wa maofisini. Hanuisa mzuri anauliza kwanza. Akianza na bei, aga.

Tuje kwenye dawa ya kuchemsha, hanyaki. Siku hizi inakuja kwenye vipakiti vya plastiki, unapasha moto unakunywa, chungu kama shubiri. Kwa mtu kama wewe, anayefikiri kupita kiasi, kachoka, hamu ya kula imeisha, msahaulifu, atakupa pengine gwibitangi. Kwa yule anayeshtukashtuka na kuota ndoto za kukimbizwa wana ondamtangi. Ila mti wenyewe wa usingizi kwao ni sanjoini, na hapa utafurahi: ni mbegu ya kunazi! Sio mkunazi wetu hasa, ni ndugu yake wa porini wa kule Asia, jenasi moja, tunda dogo kali, wanatoa mbegu ya ndani wanaikaanga kidogo bila mafuta halafu wanaichemsha. Dawa yenye jina lake, sanjointangi, iko kwenye kitabu cha Kichina cha zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, ina vitu vitano tu. Mama yako Tanga akisikia hivyo atasema "si nilikwambia", maana majani ya mkunazi kwetu ndio ya kuogea mtu aliyesomewa. Lakini tafadhali usichume majani ya nyumbani ukachemsha ukanywa ukidhani ndio ileile, wale wanatumia mbegu na wewe utakuwa na jani la mti mwingine.

Je, hanyaki inasaidia? Baadhi ya tafiti zinaonyesha nafuu, na ubora wake una kasoro zilezile za sindano, kwa hiyo mimi sipingi ila naweka masharti. Mwonyeshe hanuisa kila dawa unayokunywa, zolpidemu ya kwanza, maana ukichanganya vitu viwili vya kulaza bila mtu kujua unaweza kuanguka chooni usiku. Kama una presha, uliza kuhusu gamcho, ndio susi kwa Kikorea, ule mzizi mtamu, iko karibu kwenye kila dawa yao na ukiinywa sana inapandisha presha na kushusha potasiamu. Kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda au dawa nyingine yoyote ya kila siku, daktari wako aliyekuandikia ajue kabla, na kama unanyonyesha au una mimba acha kabisa mpaka upate ushauri.

Na kuna hili ambalo hutaulizwa: unakunywa dawa ya Kikorea ya kupunguza mwili? Nauliza kwa sababu wasichana wengi huko wanakunywa, na ndani ya nyingi kuna mahwangi, mmea wenye efedrini, inayopandisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi kabisa. Nilipata mgonjwa anakunywa mahwangi asubuhi apungue na anakuja kwangu jioni alale, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kitu kingine, mapishi ya kale ya kutuliza moyo yalikuwa na jusa, jiwe jekundu, ambalo ni zebaki. Mtu yeyote akikuuzia kidonge cha aina hiyo nje ya kliniki, hata kama kimefungwa kwenye kiboksi cha dhahabu, usimeze.

Kwenye sindano nako: ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako, zikitoka zinatupwa. Za bega na mgongo wa juu zisiingie sana, mapafu hayako mbali, na ukitoka kliniki ukahisi kifua kinachoma ukivuta pumzi kimbia emajensi usingoje kesho. Sindano ya sumu ya nyuki wanayo pia, wewe huihitaji kwa usingizi, na kama mwili wako unagombana na nyuki inaweza kukuua.

Haya, sasa kitanda. Hapa nataka unisikilize zaidi kuliko pote.

Umesema unapanda saa tano usiku unatoka saa moja asubuhi, masaa manane, na unalala manne. Maana yake nusu ya muda wako kitandani uko macho, una hasira, una simu. Fanya hivyo miezi kumi na moja, ubongo unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Ndio maana unasinzia kwenye basi, unasinzia kwenye semina, ukigusa mto macho kodo! Mwanasaikolojia Richard Bootzin aliliona hili tangu 1972 na tiba yake ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya: kitanda kiwe cha usingizi na tendo la ndoa tu, ukikaa macho kama robo saa hivi ondoka, kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, soma kitu kisichokusisimua, rudi pale tu macho yanapofunga yenyewe. Hata ikiwa mara tano kwa usiku.

La pili ni la Arthur Spielman, 1987, na hili watu wanalichukia mwanzoni: punguza muda wa kitandani. Andika daftari wiki mbili, saa uliyopanda, saa uliyolala kwa makadirio, saa uliyoamka. Ukipata wastani wa masaa manne mimi sikupi manne, ni machache mno, nakupa matano na nusu. Unaamka saa kumi na mbili asubuhi kila siku, Jumapili hadi Jumapili, na hupandi kitandani kabla ya saa sita na nusu usiku. Hakuna kulala mchana. Wiki ya kwanza utanichukia, utasinzia umesimama, lakini njaa ya usingizi inajijenga kama njaa ya chakula kwa mtu aliyefunga, na usiku inakubeba. Ukifika mahali asilimia 85 ya muda wa kitandani umelala, ongeza dakika 15, unaendelea hivyo mpaka mwili useme imetosha. Kama una kifafa, au una ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka (bipolar), au kazi yako ni kuendesha gari, usifanye hili peke yako. Chama cha madaktari wa ndani cha Marekani kilisema 2016 tiba hii ya mazoea ndio ianze kabla ya vidonge kwa mtu mzima yeyote mwenye insomnia sugu, na sugu maana yake usiku tatu au zaidi kwa wiki, miezi mitatu au zaidi. Wewe umeshapita hapo zamani.

Hapa ndipo sindano inapopata kazi yake. Wiki mbili tatu za mwanzo za kupunguza muda wa kitanda ni ngumu, watu wengi wanaacha, mwili una wasiwasi na mabega yamekaza, na sindano mara mbili kwa wiki inakushusha kidogo ili uweze kuvumilia. Mchana ukiwa maabara unaweza kujibonyeza sinmuni mwenyewe, tafuta kale kabonde kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa kidole cha mwisho, kando ya ule mshipa mgumu, bonyeza kwa gumba ukivuta pumzi taratibu dakika mbili kila mkono. Haina gharama.

Chumba chako pia nina wasiwasi nacho. Mtu wa Tanga akifika Korea anaogopa baridi, anawasha ondoli, yale mabomba ya joto chini ya sakafu, mpaka chumba kinakuwa kama Tanga yenyewe mwezi wa pili. Mwili unatakiwa upoe kidogo ndio ulale. Zima au punguza saa moja kabla, lala na blanketi zito badala yake. Na ile kahawa ya barafu, amerikano, mnayotembea nayo huko kama chupa ya maji, ya mwisho iwe saa sita mchana, kafeini baada ya masaa matano bado nusu yake iko mwilini.

Zolpidemu: usiiache ghafla. Ukiacha ghafla usiku mbili tatu zitakuwa mbaya kuliko mwanzo na utaamini huwezi kuishi bila hiyo. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie asubuhi kichwa kizito, na muulize kuhusu kipimo, kwa sababu tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani imesema wanawake waanze na miligramu 5, miili yetu wanawake inaitoa polepole. Mpange namna ya kushuka kidogokidogo wakati mazoea mapya yanashika. Na ukiona umeamka ukakuta umepika au umetuma meseji hukumbuki, mpigie siku hiyohiyo.

Kabla ya yote haya muombe akupime damu, akiba ya chuma na tezi ya shingo. Kama miguu inakutambaatambaa usiku mpaka unaamka kutembea, au unakoroma na kukatika pumzi, hapo kuna ugonjwa mwingine wenye tiba yake. Na kama kutolala huku kunakuja na kukata tamaa, na wazo la kwamba bora nisiwepo, dada yangu usisubiri sindano wala daftari, mwambie mtu leo hiihii na uende hospitali.

Jinamizi nalo: ukiwa kwenye usingizi wa ndoto mwili unazimwa misuli usije ukaifanya ndoto, sasa mara nyingine akili inaamka kabla mwili haujawashwa, unaona kivuli, kifua kinabanwa, sauti haitoki. Inatisha sana lakini inapita ndani ya dakika chache, na inawapata zaidi watu waliokosa usingizi kama wewe. Wakorea wanaiita gawi, na wao pia walikuwa wanasema ni pepo aliyekukalia. Ukilala vizuri itapungua. Dua usiache. Soma kabla ya kulala, inatuliza moyo na mimi kama daktari sioni inapogombana na lolote nililosema. Ila kukata tiketi ya ndege kurudi kusomewa katikati ya PhD, hapo mwombe mama akupe miezi miwili kwanza.

Na hapohapo kwa mama kuna jambo nimeliona kwenye barua yako. Saa nane usiku ya Daejeon ni saa mbili usiku ya Tanga. Watu wametoka kuswali isha, wamekula, kila mtu yuko kwenye simu, grupu la familia limechangamka. Wewe unaamka, unashika simu, unakuta meseji sitini, nani kajifungua, nani kafiwa, nani anaomba hela, na mwanga wote huo machoni. Nani angelala? Simu ilale jikoni, nunua saa ya mezani ya kukuamsha na uigeuze uso ukutani. Waambie kwenye grupu leo kwamba saa mbili yao ya usiku wewe uko katikati ya usiku wa manane, kwa hiyo hutajibu, na mama akitaka kukusomea dua aiseme kwa voisi akimaliza isha, utaisikiliza saa kumi na mbili ukiamka, ukiwa umesimama dirishani kwenye mwanga. Niandikie baada ya wiki mbili, uniletee na lile daftari.